BAKULI LA UAJEMI NA CHUNGU CHA DAKAWA: SOMO KUHUSU NASABA, ELIMU NA UISLAMU WETU



Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu kidogo, kaeni vizuri. Tutazungumza historia, na tutaipitia kwenye kitu ambacho wengi tunakidharau: vigae. Yaani vipande vya vyungu, sahani na mabakuli yaliyovunjika mamia ya miaka iliyopita yakabaki ardhini.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya maneno ninayokutana nayo kila mara, mitandaoni na barazani. Anakuja mtu anasema: "Uislamu wenye asili ni wa Pwani, kwa watu wenye damu ya Shirazi. Ninyi wa bara, Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, mmeupokea juzi tu kwa misafara." Anakuja wa pili anajibu: "Habari za Washirazi ni uongo mtupu, hakuna Mwajemi aliyekanyaga hapa." Na wa tatu anajumlisha: "Basi Uislamu ni dini ya wageni, tuwaachie wenyewe."

Watatu hawa wanagombana kana kwamba hakuna ushahidi. Ushahidi upo. Uko chini ya udongo Kilwa, Unguja Ukuu, Manda, Shanga, na hata hapa jirani kwetu Dakawa. Tuutazame kwa utulivu, halafu kila mtu ajipime.

*1. KWA NINI VIGAE?*

Karatasi huoza. Mbao huliwa na mchwa. Nguo huisha. Lakini udongo ukishachomwa hauozi. Chungu kikivunjika kinatupwa jalalani, na pale kitakaa miaka elfu. Kila nchi ina udongo wake, rangi zake na mitindo yake, na kila zama zina mapambo yake. Kwa hiyo mtaalamu akiokota kipande kidogo kama kiganja anaweza kusema: hiki kimetoka nchi fulani, karne fulani.

Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960. Mark Horton alichimba Shanga, katika visiwa vya Lamu, miaka ya 1980. Wao na wengine waliofuata, Watanzania na Wakenya wakiwemo, wamekuta tabaka juu ya tabaka. Kwa ufupi ni hivi:

Kwenye tabaka za chini, karne ya 8 hadi ya 10, kuna vipande vya mitungi mikubwa yenye rangi ya kijani na buluu inayong'aa kama maji ya bahari. Hiyo ilitoka kusini mwa Iraq na nchi za Ghuba ya Uajemi. Mingi ilikuja ikiwa imebeba kitu ndani. Ilikuwa madumu ya zama zile.

Juu yake, karne ya 11 na ya 12, yanaanza mabakuli yenye mapambo ya kuchanwa. Fundi alichukua bakuli la udongo mwekundu, akalipaka udongo mweupe mwembamba, kisha akachora kwa ncha kali mpaka wekundu wa chini ukaonekana. Halafu akalipaka rangi ya kioo, yaani dawa ambayo ikiingia tanurini inayeyuka na kuganda kama kioo, ya kijani, njano au kahawia. Matanuri ya mabakuli ya namna hii yamepatikana Tiz, kwenye pwani ya Makran nchini Iran.

Karne ya 13 na ya 14 vinakuja vyombo vya njano vyenye michoro myeusi kutoka Yemen, upande wa Aden. Na kuanzia hapo vyombo vya China vinazidi kuwa vingi.

Nyuma ya biashara ya mwanzo ulikuwapo mji wa Siraf, bandari ya Uajemi. Majahazi yake yalikwenda China upande mmoja, na upande mwingine yakashuka na kaskazi mpaka kwetu. Siraf ilipigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977, na polepole biashara ikahamia kisiwa cha Kish, baadaye Hormuz. Lakini alama yake ipo hapa: nendeni Kizimkazi Dimbani, Unguja. Msikiti wa pale una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, yaliyochongwa kwa mtindo unaofanana na ule wa Siraf. Jiwe lake ni nini? Ni jiwe la matumbawe, la bahari yetu wenyewe.

*2. MWAJEMI NAYE ALIKUWA MWANAFUNZI*

Hapa ndipo penye kiini, msiruke.

Tunapoona bakuli zuri la Kiajemi tunadhani Mwajemi alilipata kichwani mwake peke yake. Sivyo. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia, ilipatikana merikebu iliyozama takriban mwaka 830. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila misumari, kama mitepe ya Lamu. Ndani kulikuwa na vyombo vya China karibu 60,000, vikielekea nchi za Waislamu. Kwa hiyo katika karne ya tatu ya Hijria, mezani kwa matajiri wa Baghdad na Basra kulikuwa na bakuli jeupe la Kichina, jepesi, linalolia ukiligonga.

Mafundi wa Basra walilitamani. Lakini hawakuwa na udongo mweupe wa China wala matanuri ya moto mkali kama ule. Wakafanyaje? Walitia bati ndani ya rangi ya kioo, ikawa nyeupe nzito, ikafunika udongo wao wa njano. Bakuli likaonekana la Kichina. Kisha wakafanya ambalo Mchina alikuwa bado hajalizoea: wakachora juu ya weupe ule kwa buluu ya kobalti, majani, maua na maneno ya Kiarabu. Kutoka kwenye kuiga wakapata kitu kipya.

Mafundi haohao wa Iraq wakachukua ufundi kwa watengeneza vioo wa Misri na Sham: kupaka fedha na shaba juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa, kisha kukichoma tena kwa moto wenye moshi, kikatoka kinamerimeta kama dhahabu. Mnajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, hadithi ya Hudhayfa (R.A.) imo katika Bukhari na Muslim. Wapo wanaosema ndiyo sababu Waislamu wakatafuta mng'aro wa dhahabu kwenye udongo. Wengine wanasema ni mapenzi tu ya vitu vizuri. La hakika ni kwamba tajiri wa Kiislamu aliweza kuweka mezani chombo chenye mng'aro wa dhahabu, na chini yake ni udongo mtupu.

Mashariki ya Iran, katika miji ya Nishapur na Samarqand, karne ya 10, mafundi walifuata njia nyingine. Bakuli jeupe, na kuzunguka ukingo wake mstari mmoja wa Kikufi cheusi. Basi, hakuna zaidi. Maneno yalikuwa ya kumwombea mwenye chombo baraka, au hekima kuhusu ukarimu, subira na elimu. Fikirini mtu anakula, chakula kinapungua, na nasaha inajitokeza kidogo kidogo. Hiyo ni da'wa ya mezani.

Karne ya 12 na ya 13 ukaja mji wa Kashan. Hapo mafundi walitengeneza udongo wa kujichanganyia wenyewe. Mmoja wa watu wa ukoo wa mafundi hao, Abu'l-Qasim, aliandika mapishi yake mwaka 1301: sehemu kumi za jiwe jeupe lililosagwa, sehemu moja ya kioo kilichosagwa, sehemu moja ya udongo mweupe. Ukoo huo, maarufu kama wa Abu Tahir, kwa vizazi vinne ulitengeneza vigae vya kupamba mihrabu, vyenye aya na maua. Mezani kwa wakubwa, mafundi wa zama hizo walichora pia watu, farasi na wafalme. Hili wanazuoni wamelizungumza sana, na hadithi ya pazia la mama yetu Aisha (R.A.) inajulikana. Silihalalishi, nalieleza kama lilivyokuwa. Ila angalieni tofauti: kwenye mihrabu walijua mipaka.

Kisha wakaja Wamongoli. Nishapur iliangamizwa mwaka 1221. Msiba mkubwa. Lakini baada ya miongo michache wafalme wa Kimongoli wakatawala China na Iran kwa wakati mmoja, njia zikafunguka, na vigae vya Kiajemi vikaanza kuchorwa maua ya yungiyungi na joka la Kichina. Mwaka 1295 mtawala wao Ghazan akasilimu. Na kobalti ya Uajemi ikasafiri kwenda China, mji wa Jingdezhen, ambako katika karne ya 14 zilitengenezwa sahani kubwa nyeupe zenye michoro ya buluu, pana kama masinia, kwa sababu wanunuzi wengi walikuwa Waislamu wanaokula pamoja. Sahani yenye maua ya buluu ambayo bibi zetu waliiita ya Kichina, buluu yake ya mwanzo ilichimbwa kwa Waislamu.

Mnaona mzunguko? China ikamfundisha Basra, Misri ikamfundisha Basra, Basra ikamfundisha Kashan, Kashan ikamfundisha China. Hakuna hata mmoja aliyesema "sijifunzi kwa huyu, si wa nasaba yangu." Lau wangesema hivyo, bakuli lenyewe lisingekuwepo.

*3. KWETU MABAKULI HAYA YALIFANYA NINI?*

Wazee wetu wa Pwani hawakuyatumia kwa chakula tu. Waliyapachika ukutani. Kule Kilwa, msikiti mdogo wa kuba una mabakuli ya rangi ya kioo yaliyopachikwa ndani ya paa la kuba. Gedi kule Kenya yaliwekwa msikitini. Kaole na Kunduchi yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Leo ukifika utaona mashimo ya duara matupu, mengi yamebanduliwa.

Watu huniuliza: je, ule ulikuwa ushirikina? Mimi naona tusiwatuhumu watu waliokufa katika shahada bila ushahidi. Mapambo ni mapambo. Ama kuyajengea makaburi, hadithi ya Jabir (R.A.) katika Sahihi Muslim ina makatazo yake, na wanazuoni wetu wa Kishafii wameeleza. Kwa hiyo makaburi yale si mfano wa kufuata. Lakini kutofuata hakumaanishi kubomoa wala kuiba.

*4. JE, WASHIRAZI WALIKUJA?*

Historia ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu, na muhtasari wake ukaingia katika kitabu cha Mreno João de Barros mwaka 1552. Inasimulia habari za Ali, mwana wa mfalme wa Shiraz, aliyekuja akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Wengi tunaijua hadi hapo. Ambacho hatusimuliani ni hiki: kwa mujibu wa Barros, Ali aliondoka kwao kwa sababu ndugu zake walimdharau. Kwa nini walimdharau? Kwa sababu mama yao wao alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Kiajemi, na mama yake yeye alikuwa mtumwa wa Kihabeshi.

Subhanallah! Yule ambaye leo watu wanajifaharisha kwa jina lake, katika kisa chenyewe ni mtu aliyekimbia majivuno ya nasaba. Na mama yake ni Mwafrika.

Mtasema hicho ni kisa tu. Haya, mwaka 2023 wanasayansi walichapisha katika jarida la *Nature* uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 waliozikwa hasa kwenye miji ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, kati ya mwaka 1250 na 1800. Walikuta kwamba katika wengi wao sehemu kubwa ya asili ni ya Kiafrika, na ilipitia hasa kwa akina mama. Sehemu ya Kiasia nayo ni kubwa, nyingi ni ya Kiajemi na kidogo ya Kihindi, na ilipitia hasa kwa akina baba. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000.

Kwa hiyo anayesema hakuna Mwajemi aliyekuja, amekosea. Na anayesema sisi ni damu ya Shirazi tupu, amemkana mama yake.

Na Uislamu je, uliletwa na hao? Shanga, Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja chini ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa mdogo wa mbao, wa mwisho wa karne ya 8. Hiyo ni miaka mia mbili na zaidi kabla ya mchanganyiko ule wa damu. Waliosujudu pale walijenga kwa miti na udongo, na vyungu vyao vya kupikia ni vyungu vya Kiafrika.

*5. CHUNGU CHA DAKAWA*

Sasa tufike kwetu.

Bakuli la Kiajemi linapendeza, na ndilo linalowekwa kwenye kabati la kioo la makumbusho. Lakini katika miji mingi ya Pwani, kwenye kila vigae mia vinavyookotwa, tisini na zaidi ni vyungu vya hapa hapa. Ubwabwa na mchuzi haukupikwa Shiraz. Ulipikwa kwenye chungu kilichofinyangwa kwa mkono, na kwa desturi ya sehemu nyingi za kwetu ufinyanzi ni kazi ya akina mama.

Vyungu vya zama zile za mwanzo vina alama yake: shingoni vimechorwa pembetatu, na ndani ya pembetatu mistari ya kuchanwa. Profesa Felix Chami na wenzake wameviandikia sana. Vyungu vya jamii hiyo vimepatikana kutoka visiwa vya Lamu mpaka kusini mwa Tanzania. Shanga vipo. Unguja Ukuu vipo, tabaka moja na ile mitungi ya kijani na buluu.

Na Dakawa vipo. Dakawa hii ya kando ya mto Wami, wilaya jirani ya Mvomero, ambayo ukitoka hapa Rudewa unafika siku hiyohiyo na kurudi. Wataalamu Randi Haaland na Cosmos Msuya walichimba pale wakakuta vyungu vya pembetatu pamoja na mabaki ya kufua chuma. Maana yake watu wa bonde letu na watu wa Pwani walikuwa na mikono iliyofundishwa somo moja. Mwanamke wa Wami na mwanamke wa Shanga wangekaa pamoja wakifinyanga, kila mmoja angeitambua kazi ya mwenzake.

Sisemi kwamba watu wa Dakawa walikuwa Waislamu, msinilishe maneno. Nasema hivi: wale waliosujudu kwenye msikiti wa mbao wa Shanga hawakuwa watu wa sayari nyingine. Walikuwa wenye vyungu kama vyetu. Basi hakuna sababu ya mtoto wa Kikaguru kuingia msikitini kama mgeni aliyeazimwa mkeka.

*6. TUNAONDOKA NA NINI?*

Kwanza: nasaba si cheo. Surat Al-Hujurat, aya ya 13, imelimaliza jambo hili. Isomeni wenyewe na tafsiri yake. Anayemuozesha binti yake kwa kuangalia Ushirazi na Uarabu, akamrudisha kijana mcha Mungu kwa sababu ni "wa bara," ajue amefanya kama ndugu zake Ali. Haya mambo yapo misikitini mwetu, tusijifiche. Watu wanakosa imamu mzuri kwa sababu ya kabila lake. Mabinti wanazeeka nyumbani kwa sababu ya kabila.

Pili: elimu haina aibu. Mafundi wa Basra walijifunza kwa watu wasio Waislamu, wakachukua ufundi, wakaacha itikadi, wakatia maneno yao. Leo baba anamzuia mtoto asisome fizikia eti ni elimu ya makafiri. Je, lile pambo la mihrabu ya Kashan lingepatikana bila mtu aliyejua jiwe, moto na vipimo? Wapelekeni watoto madrasa, na wapelekeni shule. Vyote viwili.

Tatu: heshimuni kazi ya mikono na wenye kazi hiyo. Mama anayeuza vyungu mnadani mnabishana naye mia mbili, na dukani mnalipa bila neno sahani ya plastiki iliyotoka mbali. Mwenyezi Mungu katika Surat Ar-Rahman alipotaja asili ya mwanadamu alimfananisha na udongo wa mfinyanzi. Basi tusiudharau udongo.

Nne: vijana mnaokwenda kutembea Kilwa, Kaole au Kunduchi, msiokote kigae, msibandue kitu, msinunue kwa anayebandua. Vilivyo msikitini vilitolewa kwa ajili ya Allah, na vilivyo kaburini ni heshima ya maiti. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza. Umma usio na ushahidi wa historia yake utasimuliwa na wengine, na watausimulia wanavyotaka.

Sote ni udongo mmoja, rangi ya juu ndiyo inayotofautiana. Na siku tutakaposimama mbele ya Mola wetu hatutaulizwa tulitoka tanuri gani, tutaulizwa tulibeba nini ndani.

Ewe Mola wetu, tuondolee kibri cha nasaba nyoyoni mwetu. Wasamehe waliotutangulia katika imani, wa Pwani na wa bara, tunaowajua majina na wale ambao hawakuacha ila kigae. Tupe elimu yenye manufaa, na utukusanye pamoja katika Pepo yako. Aamin.

Mwenye swali aulize kwa adabu hapa chini, nitajibu in shaa Allah baada ya Isha. Na mwenye kunufaika amfikishie mwenzake.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.